KISIWA KILICHOTIWA INJINI: Picha ya Kubuni Hutengenezwaje?

Bila shaka umeitazama picha iliyo kwenye jalada la jarida letu la mwaka huu na ukajiuliza maswali chungu nzima. Kisiwa cha Migingo, na mabati yake yote, kinakata maji kuelekea Muhuru Bay. Mbele kina uso wa matatu, taa zimewaka. Nyuma kina injini ya boti. Makanga ananing'inia mlangoni akipunga mkono, kana kwamba anaita abiria wa Sori na Karungu. Kuna mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliyeniuliza kwa dhati kama kisiwa kinaweza kuelea. Hakiwezi. Migingo ni mwamba, nao umeshikamana na sakafu ya ziwa kama jino na ufizi. Kilichoelea ni tarakimu ndani ya kompyuta, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Kwanza, kwa nini Migingo? Chama chetu cha Kiswahili kilitaka jalada lenye chombo cha ajabu cha kusafiria. Wengine walipendekeza trekta la miwa lenye mabawa likiruka juu ya kuta za mawe za Thimlich Ohinga, wengine wakataka mtumbwi unaokokotwa na viboko kule Kendu Bay. Hoja ya Migingo ikashinda kwa kura chache. Kisiwa hicho kiko katika kaunti yetu ya Migori, ni kidogo mno, hata nusu ya uwanja wa kandanda hakifiki, na bado Kenya na Uganda zimekizozania tangu mwaka 2004. Mwaka 2009 mzozo ulipamba moto hadi wataalamu wa nchi mbili wakatumwa kupima mipaka. Basi mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akasema hivi: kingekuwa na injini, si kingerudi tu nyumbani kila jioni kulala? Darasa zima likaangua kicheko, na jalada likawa limepatikana.

Sasa tuingie kazini. Picha yoyote ya simu ukiikuza sana kwenye kompyuta utaona si picha tena bali ni viraba vidogo vidogo vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Kila kiraba huitwa pikseli. Pikseli moja hubeba tarakimu tatu tu: kiasi cha rangi nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu 255 na nyingine sifuri, unapata wekundu wa nyanya. Zote sifuri, unapata weusi wa masizi. Zote 255, unapata weupe. Ukizidisha 256 kwa 256, kisha tena kwa 256, unapata rangi zaidi ya milioni 16, manake hata rangi ya maji ya ziwa letu siku ya upepo ina tarakimu zake. Kuhariri picha, kwa hivyo, ni kubadilisha tarakimu. Kompyuta haijui Migingo ni nini wala matatu ni nini.

Programu tuliyotumia inaitwa GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, nayo hutolewa bure hadi leo. Photoshop, ambayo jina lake limekuwa kama kitenzi mitaani (ati "wamemfotoshopu"), ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Photoshop ni ya kulipiwa. Maabara yetu ina kompyuta kuukuu, lakini GIMP ilikubali kufunguka ndani yake, ingawa kwa mwendo wa kinyonga.

Jambo la kwanza la kuelewa ni matabaka. Hebu chukua karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, chora ziwa kwenye moja, kisiwa kwenye nyingine, matatu kwenye ya tatu, kisha uzipange moja juu ya nyingine. Ukitazama kutoka juu utaona picha moja, lakini unaweza kuvuta karatasi ya matatu peke yake bila kuligusa ziwa. Hivyo ndivyo matabaka yalivyo. Yetu yalikuwa manane: ziwa na anga, kisiwa, uso wa matatu, makanga, injini, povu, taswira iliyo majini, na vivuli. Ukihifadhi kazi yako kwa muundo wa programu yenyewe, matabaka hubaki. Ukiihifadhi kama picha ya kawaida, yote hugandamana kuwa moja, na hapo huwezi tena kutenganisha.

La pili ni barakoa. Wengi wakitaka kuondoa sehemu ya picha huchukua kifutio na kufuta. Kilichofutwa kimekwenda. Barakoa hufanya kazi kwa njia ya kiungwana zaidi: unaifunika tabaka kwa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Palipo na weusi, picha hufichika; palipo na weupe, hufunuka; palipo na kijivu, huonekana kama kupitia ukungu. Ukikata sana sikio la makanga, unapaka weupe na sikio linarudi. Kando za kitu ulichokikata zilainishwe kidogo, kiasi cha pikseli moja au mbili, la sivyo kitaonekana kama kilikatwa kwa mkasi. Nywele ndizo hutoa jasho. Tulimshukuru Mungu makanga wetu alikuwa amevaa kofia.

Lakini hayo yote ni mikono tu. Kinachofanya picha iaminike au ichekwe ni mwanga. Mwanga una upande unaotoka. Picha ya kisiwa tuliyoletewa ilipigwa asubuhi, na jua lilikuwa upande wa kulia wa mpiga picha. Mabati yanametameta kulia na kushoto kuna giza. Tungelipiga matatu jioni pale steji ya Migori, jua lingekuwa upande mwingine. Hapo jicho la mtazamaji hushtuka hata kama mwenyewe hajui kilichomshtua. Unaweza kusema, si tuigeuze tu picha ya matatu kama kwenye kioo? Haya, igeuze. Jua litahamia kulia, na maandishi yote ya matatu yatasomeka kinyume, nambari ya gari pia. Njia iliyobaki ni kuamka mapema. Tulifika steji kabla magari ya Kisii hayajajaza, tukamtafuta dereva ambaye gari lake limeelekea upande tuutakao, tukamwomba ruhusa yeye na makanga wake, na wote wawili wakakubali kwa furaha. Kama huwezi kuchagua saa, basi piga picha zako zote siku ya mawingu, wakati vivuli vimelala. Mchana wa saa sita usithubutu. Sisi tuko karibu sana na ikweta, na jua la saa hizo humwagika utosini na kuwatia watu macho meusi kama mafuvu.

Mwaka 2016 nchi nzima ilicheka picha za dada mmoja Mkenya zilizomwonyesha akitembea Uchina. Alikuwa amebandikwa tu juu ya picha za watu, na aliyembandika hakujali vivuli wala ukubwa. Miguu haikukanyaga chini. Baadaye Wakenya walewale waliocheka wakaanza kumchangia pesa aende Uchina kweli, jambo ambalo nadhani linatuonyesha jinsi tulivyo. Ila kwa mwanafunzi wa picha funzo liko miguuni. Kitu kisicho na kivuli mahali kinapogusa ardhi huonekana kinaning'inia hewani. Kivuli hicho ni chembamba na cheusi pale pale kwenye mguso, kisha hupanuka na kufifia. Kwetu sisi chini hapakuwa na ardhi bali maji, na maji hutaka kivuli na taswira pia. Taswira ni picha ile ile iliyopinduliwa juu chini, ikapunguzwa mwanga kidogo, ikavurugwavurugwa kufuata mawimbi. Ziwa likiwa na mawimbi, taswira haiwi safi kama ya kioo. Ukiiacha safi umejifichua.

Baada ya mwanga ni upeo wa macho, na hapa naomba usome polepole kwa sababu hata mimi nilieleweshwa mara mbili. Upeo ni ule mstari ambapo maji hukutana na mbingu. Siri yake ni kwamba mstari huo hukata kila kitu kwa kimo cha kamera. Ukisimama ufuoni na kamera iwe mita moja na nusu kutoka chini, upeo utapita kwenye mabega ya kila mtu mzima aliyesimama pale kwenye ardhi tambarare, awe karibu awe mbali. Aliye mbali atakuwa mdogo, lakini mstari utamkata pale pale begani. Sasa, picha ya kisiwa ilipigwa na mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi, kamera ikiwa kama mita moja juu ya maji. Tungepiga matatu tukiwa tumesimama, tungeliona kutoka juu kidogo, na kisiwa tunakiona kutoka chini. Vitu hivyo viwili havingekubali kuoana hata uwalipie mahari. Ndiyo sababu nilichuchumaa katikati ya steji, simu ikiwa usawa wa kitovu cha mtu, na akina mama wauza ndizi wakaniuliza kama nimeangusha sarafu.

Umbali nao una rangi yake. Simama Homa Bay mjini asubuhi utazame Mlima Homa upande wa pili wa maji: hauonekani wa kijani, unaonekana wa samawati iliyochujuka, ijapokuwa miti yake ni ya kijani kama yetu. Hewa iliyo katikati ndiyo inayoupaka. Kwa hiyo kitu cha mbali kipunguzie weusi wake na ukitie ubuluu kidogo. Sisi tulikifanyia hivyo kisiwa cha Usingo, jirani wa Migingo, ili kionekane kimeachwa nyuma.

Povu lilitoka kwingine kabisa. Boti ndogo huacha mkia mwembamba wa povu, na kisiwa kizima chenye mkia mwembamba kingeonekana kama bata. Mwenzetu mmoja aliyesafiri kwa feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno alipiga picha povu la nyuma ya feri, nalo likatosha.

Neno moja kuhusu ukubwa wa picha, kwa vile nimeona wengi wakiumia hapa. Simu nyingi siku hizi hupiga picha ya pikseli milioni 12 hivi, yaani 4,000 kwa 3,000. Jalada la ukubwa wa A4 likichapishwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Zinatosha. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mtandao huo huibana na kuipunguza ili isile bando, na inayokufikia ni kivuli cha ile ya kwanza. Itume kama faili ya hati, ndipo itafika nzima.

Usidhani sanaa hii ilizaliwa na kompyuta. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio ambamo aliunganisha picha kadhaa kuwa moja zamani kabla ya kompyuta kufika huku. Pale Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walisimamisha vibanda karibu na kivuko cha feri na kutundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu wa bara aliyekuja kutafuta kazi alipigwa picha kana kwamba anapanda ndege, kisha akaituma nyumbani. Kwa siku zetu yuko Jacque Njeri, msanii Mkenya ambaye katika picha zake ziitwazo MaaSci aliwapeleka Wamaasai anga za juu, na shuka zao na shanga zao, wakiwa wenyeji huko wala si wageni. Ukiziona hutacheka. Utanyamaza kwanza.

Binamu yangu ana studio ndogo mjini Migori, na yeye ndiye aliyenifundisha barakoa. Wateja wake wengi hawataki visiwa vyenye injini. Wanataka picha za pasipoti zilizovalishwa koti na tai, na picha za vijitabu vya mazishi. Siku moja nikiwa huko alikuja nyanya mmoja na kitambulisho cha marehemu mumewe. Mzee huyo alikuwa mkata miwa, na maisha yake yote alisema atanunua lori lake mwenyewe la kupeleka miwa kiwandani Awendo. Hakulinunua. Hawakuwa na hata picha moja wakiwa pamoja. Nyanya alitaka wakae wawili ndani ya lori. Binamu yangu aliwaweka, mzee kwenye usukani na nyanya kando yake. Nyanya akaitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, mume wangu alifariki kijana. Hapa anaonekana amembeba mamaye." Binamu akasema anaweza kumzeesha mzee, au kumrudisha nyanya ujanani, achague. Nyanya akafikiri. "Iache," akasema. "Ndivyo tulivyo sasa." Akalipa, akaifunga ndani ya leso akaenda zake. Tangu siku hiyo sijaweza kuiita kazi hii mchezo mtupu.

Na hapa ndipo penye lile jambo lililotugawa chamani kwa wiki mbili. Katika picha halisi ya Migingo kulikuwa na mlingoti, na juu ya mlingoti bendera. Bendera ya nchi gani, sisemi. Kuiondoa ni kazi ya dakika moja: unachukua kipande cha anga kilicho jirani, unakipaka juu yake, imekwisha. Kuiweka nyingine ni dakika tano. Waliotaka iondolewe walisema hii ni picha ya mzaha, kisiwa kina taa za matatu, nani atajali bendera? Wengine tukasema mzaha uko kwenye taa na injini, haupo kwenye bendera. Mwenye kuona kisiwa chenye makanga anajua anachekeshwa. Mwenye kuona bendera iliyobadilishwa hana namna ya kujua. Halafu mtu yeyote anaweza kukata kipande cha juu cha picha, akaacha matatu na injini nje, akakisambaza kwa simu. Kitakachobaki ni kisiwa cha kweli chenye bendera ya uongo, na kule majini kuna watu ambao wamekamatwa na kunyang'anywa nyavu kwa sababu ya mambo ya bendera. Baba wa mwenzetu ni mmoja wao.

Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley huko Uingereza, wasichana wawili, Elsie Wright wa miaka 16 na binamu yake Frances Griffiths wa miaka 9, walichora vijimalaika vya karatasi, wakavisimamisha nyasini kwa pini za kofia na kupiga picha. Walitaka kuwachezea watu wa nyumbani tu. Picha zikafika kwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, naye akaamini, akazichapisha mwaka 1920. Wasichana hao walikiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe. Elsie alikuwa na umri wangu alipoanza. Niliisimulia habari hii chamani, na nadhani ilisaidia kidogo, ingawa kilichomaliza ubishi ni swali la mwalimu mlezi wetu: aliuliza kama kuna yeyote kati yetu aliye tayari kuipeleka picha hiyo Muhuru Bay kwa mkono wake na kuwaeleza wavuvi ni sehemu gani tumebadilisha. Kwa habari ya bendera hakuna aliyeinua mkono.

Basi tukaweka kanuni: kila kitu kwenye picha kiwe cha kweli kama kilivyopigwa, au kiwe kisichowezekana kabisa. Cha katikati hakuna. Bendera ikabaki, na mabati yakabaki na kutu yake. Kwenye ubao wa matatu tukaandika "Migingo–Muhuru–Nyumbani", kwa kuwa hakuna steji iitwayo Nyumbani. Ukurasa wa ndani umeorodhesha picha zote zilizotumika na mahali zilipopigwa.

Mvuvi mwenyewe ndiye tuliyempelekea nakala ya kwanza. Tulikwenda wanne siku ya Jumamosi, mwanawe akitangulia, na nakiri moyo ulikuwa ukidunda. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza atazame nyuma kama kuna kingine. Hakuiuliza bendera. Aliweka kidole kwenye injini.

"Hii ni ya nguvu za farasi kumi na tano," akasema.

Tukamwambia ndiyo, Mzee, tuliipiga picha ufuoni Homa Bay.

"Kisiwa kizima, na watu wote hawa, na samaki, kwa kumi na tano?" Akatikisa kichwa. "Hamtafika. Wekeni mbili."

Ndiyo sababu, ukilitazama jalada vizuri upande wa kushoto, utaziona mbili.